Jinsi Mama Mkwe Alivyoandikwa Mke Wangu

Mama mkwe wangu aliwahi kuwa mke wangu kwa muda wa miezi miwili kasoro siku chache, na aliyetuoza ni mke wangu mwenyewe. Najua inavyosikika. Kila nikianza kuisimulia habari hii wazee wenzangu hukohoa na vijana husogeza vigoda karibu, kwa hiyo niseme mapema kabisa: hapakuwa na haramu yoyote. Palikuwa na kidonda.

Ilikuwa zamani za Mdachi, chokaa ya boma la Arusha ingali nyeupe, nami nilikuwa kijana wa Kimeru niliyeoa mwaka mmoja tu uliopita. Kwetu mlimani mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia migombani na kumpa mwenzake kisogo mpaka apite. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na hawasemezani. Likiwapo neno la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu asipokuwapo, mnakiambia chochote kilicho karibu. Nimewahi kuwaambia mbuzi wa mama mkwe mambo mengi ambayo mbuzi hawana haja nayo. "Enyi mbuzi, mume wa binti ameleta kuni," nasema, na kutoka ndani ya nyumba sauti inawajibu mbuzi kwamba kuni zenyewe ni mbichi.

Kwa hiyo uso wake sikuujua. Nilichokijua ni kikohozi chake na miguu yake, maana mtu aliyeinamisha kichwa kwa heshima huona nini kingine? Ndiyo sababu mimi, mtu wa mwisho mwenye haki ya kuutazama mguu ule, nilikuwa wa kwanza kukiona kidonda. Kilianzia juu kidogo ya kifundo cha kushoto, kikiwa kama punje ya hindi. Mvua zilipokaribia kwisha kilikuwa kama yai la kuku, na nzi walikuwa wamekijua. Nikamwambia mke wangu.

"Umeutazama mguu wa mama?" aling'aka.

"Sikuutazama. Ulipita."

"Umepita mara ngapi hata ukajua unazidi?"

Alininunia kutwa nzima, lakini kesho yake alikwenda kwa mama yake, akarudi amekubali. Aliniambia kidonda kimeanza kunuka. Mwaka ule ule jirani yetu mmoja alikuwa amekufa kwa donda la namna hiyo hiyo, lililoanza dogo likamla mpaka mfupani. Tuliogopa sote wawili, na sioni haya kusema kwamba mimi niliogopa sawasawa na yeye. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa sijaota meno yote, na yule wa kikohozi ndiye mama pekee niliyekuwa naye, hata kama tulikuwa tunaongea kupitia mbuzi.

Basi tukaanza kutafuta. Kwanza tulikwenda kwa bibi wa majani aliyekaa juu yetu karibu na msitu. Dawa yake iliwafaa wengi na sitaki kumsema vibaya, ila sharti lake lilikuwa moja, nalo gumu: mgonjwa asivuke maji yanayotembea. Kwetu mifereji ya kumwagilia migomba imekatiza kila mahali, huwezi hata kwenda kuomba moto kwa jirani bila kuvuka mmoja. Mama mkwe alikaa ndani siku tatu, siku ya nne akavuka kwenda kumgombeza mtu aliyempindishia maji. Bibi akasema basi, kosa si lake.

Halafu misheni. Misheni ilitoa dawa bure kwa kila mtu, aliyebatizwa na asiyebatizwa, na nalisema hilo wazi kwa sababu watu husahau. Walimwosha vizuri na kumfunga kitambaa cheupe ambacho majirani walikuja kukishangaa. Lakini ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na siku ya pili mwalimu wa pale akamwomba kwa adabu aache ugoro. Mama mkwe akamjibu kwamba kinachouma ni mguu, si pua, akachukua fimbo yake na hakurudi tena. Kitambaa alikitumia kufungia ugoro.

Dukani mjini Mhindi mmoja alituuzia chupa ya dawa ya kuchua mgongo. Alituambia kwa maneno na kwa mikono kwamba ni ya mgongo, alijigeuza hata akatuonyesha mgongo wake. Sisi tukaona dawa kali kiasi kile haiwezi kushindwa na mguu, tukaimimina kwenye kidonda. Matusi yaliyotoka siku ile waliambiwa mbuzi, lakini nilijua ni yangu.

Mwisho mke wangu alifika mpaka kwa daktari wa askari. Akaambiwa kwa upole kuwa dawa zile ni za askari na wake zao. Nilimkuta ameketi kando ya mto Themi, amekunja uso.

"Askari na wake zao," alisema. "Na kule shambani unakofanya kazi?"

Wakati huo nilikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la mlowezi mmoja chini ya mlima. Tulilala kambini, na kila kibarua alikuwa na kipande, karatasi ngumu ya kutiwa alama kila siku aliyofanya kazi. Palikuwa na chumba cha dawa, na mtu wa kufunga vidonda aliyetoka pwani.

"Dawa za kule," nilisema, "ni za vibarua na wake zao."

Aliniuliza kama kipande changu kina jina la mke. Nikasema hakina, kimeandikwa tu kwamba ninaye mmoja. Akauliza kama kuna mtu yeyote kule shambani aliyewahi kumwona yeye kwa macho. Nikasema hakuna, na hapo ndipo niliposikia jasho mgongoni.

"Hapana," nilisema.

"Utampeleka mama. Utasema ndiye mimi."

"Nitakufa kwa aibu!"

"Utakufa wewe au atakufa yeye? Chagua."

Nilipiga kelele sana siku ile. Nilisema mimi ni mwanamume, nina ukoo, nina rika, siwezi kuwa kichekesho cha mlima mzima. Mke wangu aliningoja nimalize, kisha akaenda kumwuliza mama yake. Mimi nilisimama nje, nyuma ya mgomba, nikiomba akatae. Nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika nyumba ile: mama mkwe akicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Waambieni mbuzi," sauti ikasema, "kama mtu huyo ananioa, ng'ombe wa mahari wako wapi? Mimi si wa kuchukuliwa bure."

Akakubali, kwa masharti. Uso wake ungefunikwa shuka muda wote. Mambo yakiisha, nilete kondoo wa kutusafisha, na awe mnene, si kama yule niliyeleta harusini. Kumbe mwaka mzima alikuwa ameliweka moyoni lile la kondoo.

Tuliteremka siku ya Jumapili, mimi mbele, yeye nyuma hatua hamsini, mke wangu katikati akiwa amebeba kikapu. Shuka lilimziba macho, na kila tulipofika penye mfereji nilipaza sauti, "Ee kikapu, mbele kuna maji!" Mara tatu kikapu kilisikia. Mara ya nne nilikuwa nimezama katika mawazo yangu, na mama mkwe akazama katika mfereji. Alisimama pale maji magotini akikieleza kikapu aina ya mwanamume ambaye binti yake amempata.

Mfunga vidonda alikuwa mtu nadhifu, kanzu yake haikuwa na doa hata kazini. Alipomwona mama mkwe akichechemea na fimbo alisimama kwa mazoea mema ya kwao, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha akafungua kitabu chake na kuniuliza mgonjwa ni nani wangu.

"Mke wangu."

Kalamu ikasimama. Aliitazama mikono ya mama mkwe, iliyokunjamana kama maganda makavu ya ndizi, akanitazama mimi, ambaye ndevu zangu zilikuwa bado zinahesabika.

"Mke wako huyu?"

"Alinitangulia kuzaliwa kidogo," nilisema.

"Na mbona amejifunika?"

"Ana haya. Tumeoana juzi."

Akaandika. Nilimwona akiuma midomo ili asicheke, na nikamchukia sana. Kisha akaniamuru nimshike mke wangu mguu, kwa sababu dawa inauma na wanawake hurusha mateke. Mke wangu halisi, ambaye tulimwita mdogo wa mke wangu, alijitokeza kusaidia, akafukuzwa: mume yupo, ashike mume. Nikapiga moyo konde, nikafumba macho, nikaushika.  

Kabla ya jioni kambi nzima ilikuwa na habari. Vibarua wenzangu waliniita kwa heshima mpya. Mmoja akaniuliza kama huyo bibi harusi ana dada zake wakubwa. Mama mkwe alilala kibandani kwangu kama mke alivyopaswa, nami nikajibanza kwa vijana wasiooa, wakasema siku ya kwanza tu nimeshafukuzwa. Mbaya zaidi alikuwa mke wangu. Alikuja kila siku ya pili na ndizi na maziwa ya mgando, tukazoea kuketi pamoja nyuma ya kibanda tukicheka. Mzee mmoja wa kambi, mtu mwema, akaenda kumnong'oneza mama mkwe kwamba amwangalie sana mdogo wake, anamzungukazunguka mume wa mtu. Mama mkwe alimshukuru. Akakiambia kikapu kwamba tangu mwanzo hakumwamini binti yule.

Lakini kidonda hakikucheka nasi. Wiki tatu kiliendelea vizuri, wiki ya nne kikageuka, mguu ukavimba mpaka gotini. Akaja daktari Mdachi aliyezungukia mashamba kwa farasi. Aliinama, akanusa, akabonyeza hapa na pale, akasema maneno mafupi. Mfunga vidonda akayatia katika Kiswahili, na safari hii hakuuma midomo.

"Daktari anasema ukatwe, chini ya goti, kesho asubuhi. Wewe ndiye mume. Kubali au kataa."

Mke wangu alikuwa mlimani siku hiyo. Chumbani tulikuwa wanne tu, na mmoja wetu hakujua neno la Kiswahili wala la Kidachi. Alikaa kwenye benchi amejifunika, akingoja mtu amwambie ni nini kinasemwa juu ya mguu wake.

Nilitafuta kikapu kwa macho. Kilikuwa kibandani. Nikatazama ndoo, nikatazama meza, nikafungua mdomo kuiambia ndoo, na maneno yakakataa. Unaiambiaje ndoo kwamba watamkata mtu mguu? Ningeweza kusema ndiyo, ningemaliza. Nilikuwa mume, karatasi ilisema hivyo. Daktari alikuwa mlangoni, ameshika hatamu tayari. Nilimkasirikia yeye, na mfunga vidonda, na mke wangu kwa kutokuwapo, na desturi, na miguu yote duniani. Kisha nikapiga magoti mbele yake na kuinua shuka.

Alikuwa na uso wa mke wangu, umezeeka. Hilo hakuna aliyeniambia. Alikuwa na macho makali, yenye maji, yaliyonitazama bila kukwepa.

"Mama," nilisema, "wanataka kuukata hapa chini ya goti, kesho. Wanasema usipokatwa utakuua. Mimi sitaki kusema neno lolote usilolitaka wewe. Nataka wewe uniambie."

Akanijibu mimi, si ndoo.

"Nipe siku saba. Na uoshe wewe. Huyu wa pwani anaosha kama anaogopa kuchafua nguo."

Nikageuka nikaomba siku saba. Nilisema nitaosha asubuhi na jioni, nitachemsha maji mwenyewe, na siku ya nane kisipogeuka nitamshika mguu mimi mwenyewe wakikata. Daktari aliinua mabega, akaacha dawa ya unga inayofanya maji kuwa zambarau, akasema ujinga wangu ni shauri langu.

Siku saba zile sizisahau. Nilichemsha maji kabla ya kwenda kazini na baada ya kazi, nikaosha, nikatoa kilichooza, nikafunga. Yeye alikunja ngumi na kuongea. Shuka lilikuwa begani. Alisema halina faida tena. Mtu aliyenyamazishwa mwaka mzima ana maneno mengi, na mimi nilikuwa na yangu. Aliniambia alipinga posa yangu kwa sababu nilikuwa natembea kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Aliniambia habari za marehemu mume wake, jinsi alivyokuwa akiimbia ng'ombe jike asiyetoa maziwa. Nilimweleza jinsi nilivyolelewa na shangazi, nyumba hii mwezi huu, nyumba ile mwezi ujao, na kwamba sikuwahi kujua ni nani wa kumwambia nikiwa na homa. Akaacha kukunja ngumi, akaweka mkono kichwani kwangu, akasema, "Sasa unajua." Nililia ndani ya ndoo ya maji ya zambarau kama mtoto. Akanikanya nisiyatie chumvi.

Siku ya tano uvimbe ulishuka. Siku ya saba nyama nyekundu safi ilianza kuonekana pembeni, na daktari aliporudi alibonyeza hapa na pale, akasema neno fupi ambalo halikuhitaji kufasiriwa. Wiki nne baadaye kidonda kilikuwa kimefunga, kovu linang'aa. Mfunga vidonda alilifuta jina katika kitabu cha wagonjwa, akanipeleka kando.

"Mwambie mama yako mzazi, au ni mkweo, sijui, apone salama," alisema. "Kwetu pwani pia tuna wazee." Alijua tangu ile shikamoo.

Nikapeleka kondoo. Alikuwa mnene, nilihakikisha. Wazee wa pande zote mbili walikuja, na mama mkwe alikaa ndani na wanawake akisifu mafuta yake kwa sauti ili nisikie. Kondoo akachinjwa, tukapakwa mafuta yake, mimi nje na yeye ndani, na mzee wa ukoo akatamka kwamba yaliyotokea kule chini hayakutokea. Eti sikutazama uso wake, hakunishika kichwa, hapakuwa na neno kati yetu. Watu waliitikia. Mimi nami niliitikia, nikala nyama, nikafurahi pamoja na wengine. Nilikuwa mjinga. Nilidhani tunasafisha aibu, na aibu ndiyo kitu pekee ambacho sikuwa nacho tena.

Asubuhi iliyofuata nilipita kwake na kuni, nikasema, "Mama, umeamkaje?" Kule ndani kitu kilidondoka. Kisha sauti ile ile iliyoniambia habari za ng'ombe jike ikawauliza mbuzi kama wamesikia upepo. Nilikasirika hata nikazibwaga kuni palepale mlangoni. Lakini alikuwa na haki. Alikuwa ameshaweka heshima yake ya mlima mzima rehani kwa ajili ya mguu, akarudishiwa, na asingethubutu kucheza nayo mara ya pili.

Aliishi miaka mingi, akitembea bila fimbo. Mwaka uliofuata mke wangu alijifungua mtoto wa kike katika nyumba ya mama yake, nami nilisimama nje, hatua tatu tu kutoka ukutani. Nilitaka kumwambia mwenyewe kwamba mtoto atachukua jina lake, na kwamba nilikuwa nimeliamua tangu siku ya tano ya kuosha kidonda. Nikamwita shemeji yangu, nikamwambia amwambie. Shemeji akaingia. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, nikasikia kila kitu. Nikamsikia akivuta pumzi, akipenga kamasi.

"Mwambieni mtu huyo," alisema, karibu kabisa na ukuta, mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi, "kwamba nimemwona mtoto, na ana pua ya baba yake, maskini. Na mwambieni akiwa na homa aje aseme."

Nilisikia vizuri. Nikaendelea kusimama pale, nikimngoja shemeji atoke aje aniambie alivyosema.